Pigo la Ziada la Kengele ya Tatu

Wapiga kengele wa Askerwick walikuwa na desturi moja ambayo Kasisi Pelham aliichukia kuliko dhambi zote saba. Wakishazipiga kengele za kuwaita watu ibadani, wao wenyewe hawaingii. Wanazifunga kamba zao, wanateremka ngazi za mnara wakinyata kama wezi wa kuku, wanatokea kwa mlango mdogo wa nyuma, na huyoo, wanavuka njia hadi baa ya Kengele Sita, ambako mlango wa jikoni huachwa wazi kwa ajili yao. Uwaite wenzako kwa Mungu, halafu wewe ukanywe chai na kupiga soga jikoni kwa Dunnock, jamani! Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu zao, na hakuna kasisi aliyewahi kuwaweza.

Hester Dunnock, binti wa mwenye baa hiyo, alikuwa mpiga kengele ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mikono yenye nguvu, na nywele nyekundu zilizokataa kutii kibanio chochote. Miaka sita mfululizo alikuwa hajasikia ibada ya Jumapili asubuhi hata mara moja. Angejua desturi hiyo ingemponza, angekuwa anakaa kanisani tangu mwanzo hadi baraka ya mwisho, tena kiti cha mbele.

Jumapili ile ya mwezi wa tano walibaki. Mzee Jabez Orrin, aliyeipiga kengele kubwa ya sita kwa miaka hamsini na mmoja, alikuwa amezikwa Alhamisi, na Kasisi alikuwa amewaomba wenzake wakae ili marehemu aombewe. Basi wakakaa wote sita kwenye kiti cha nyuma kabisa, akiwemo mwashi mmoja aliyechukua kamba ya marehemu, wakiwa wamebanana na kofia zao magotini. Mzee Tigwell, fundi viatu na mkuu wa mnara, alikuwa bado amenuna.

"Umerudia tena," alimnong'oneza Hester. "Nimesema simama, kengele zote zimesimama, ya kwako ikalia tena. Ngo! Peke yake, kama mbuzi aliyeachwa zizini. Hata siku ya kumuaga Jabez, Hester?"

"Kamba iliniteleza, Mzee."

"Miaka mitatu inakuteleza! Una mikono au una samaki?"

Hester aliinamisha kichwa, akaficha tabasamu. Haikuteleza hata siku moja. Kila kengele zinapomaliza, kila moja hulia mara ya mwisho kwa zamu yake kisha kimya. Na Hester, akitaka, huiachia ya tatu ilie mara moja zaidi. Mji mzima ulidhani ni mpigaji mbovu. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua maana yake. Clement Thurlby, aliyekuwa akiishi juu ya ghala la nafaka la baba yake upande wa pili wa soko, hufungua dirisha Jumapili asubuhi na kusikiliza. Likija lile pigo la ziada, anajua: leo saa tisa alasiri, magofuni. Kwa ajili ya pigo hilo Hester alikuwa amevumilia kusimangwa miaka mitatu, na angevumilia mitatu mingine bila kulalamika. Mapenzi hayo!

Na leo alikuwa na sababu ya kulipiga kwa nguvu. Ndani ya mfuko wa koti lake mlikuwa na kadi ndogo ya kijani. Ilikuwa kadi ya kiapo cha Wamethodisti, ile ambayo mtu huitia saini mbele ya Mungu kwamba hatagusa kileo, hatakiuza, wala hataishi kwa faida yake. Bibi Thurlby, mama yake Clement, alikuwa amemsukumia kadi kama hiyo mezani miaka miwili nyuma, katikati ya vikombe vya chai. "Binti wa baa haingii kwangu," alikuwa amesema, "ila aingie kwa mlango huu." Hester aliikataa siku ile, maana kuitia saini kungekuwa kuutemea mate mkate wa baba yake. Siku tisa zilizopita alikuwa amekwenda kuiomba mwenyewe kwa mchungaji wa Wamethodisti. Akaitia saini. Sasa alingoja saa tisa tu ampe Clement.

Kasisi Pelham alipanda mimbarani, akafungua daftari.

"Natangaza ndoa," alisema kwa sauti yake ya puani, "kati ya Clement Arthur Thurlby, kijana ambaye hajaoa, wa parokia hii, na Muriel Cope, msichana ambaye hajaolewa, wa parokia hii."

Hester alisikia jina lile kama mtu anayeitwa usingizini. Clement. Clement yupi?

"Ikiwa yupo anayejua sababu au kizuizi cha haki cha kuwazuia wawili hawa wasiunganishwe katika ndoa takatifu, na aseme sasa. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho."

Mara ya tatu! Ya kwanza na ya pili alikuwa wapi yeye? Alikuwa jikoni kwa baba yake na wapiga kengele wenzake, akikata mkate.

Hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona kofia zinageuka. Kofia ya Bibi Cope mwenye kinu cha unga, kofia ya mke wa mwoka mikate, kofia ya mwalimu wa kwaya. Zote ziligeuka taratibu, na katika nyuso zile Hester aliona jambo lililomuuma kuliko tangazo lenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wakimwonea huruma. Walikuwa wamejua, wote, wiki mbili nzima.

"Binti Dunnock?" Kasisi aliuliza. "Una neno?"

Alikuwa nalo. Alikuwa na maneno ya kulijaza kanisa lile hadi kwenye mapaa. Lakini aseme nini? Kwamba alibusiwa? Kwamba aliahidiwa, kwenye jiwe fulani, na mvua ikinyesha? Sheria ya kanisa inauliza kama mtu ana mke mwingine, au kama ni ndugu wa damu. Haiulizi kuhusu moyo wa mtu. Ahadi ya magofuni haikuwa kizuizi cha haki.

"Hapana, Kasisi," alisema. "Mguu umekufa ganzi."

Akakaa. Mzee Tigwell, aliyekuwa amenuna, alimsogezea nafasi.

*

Baba yake alikuwa akifuta meza za baa ambazo tayari zilikuwa safi. Reuben Dunnock alikuwa mjane mnene, mpole, aliyeogopa ugomvi kuliko moto. Alipoona uso wa binti yake alikiweka kitambaa chini.

"Umesikia," alisema.

"Kumbe ulijua."

"Hetty, mwanangu, mtu anayesimama nyuma ya kaunta husikia kila kitu..."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Tangu kabla ya Pasaka!" Hester alicheka kicheko kikavu. "Nimekupikia, nimekufulia, nimekuosha miguu ulipougua, na wewe umelikalia jambo hilo kama kuku anayeatamia. Ndiyo maana watu walikuwa wakinyamaza nikiingia na glasi. Nilidhani wanazungumzia nguruwe wao."

"Kila mtu alidhani mwenzake amekuambia. Nami nikasema, si litatangazwa? Atasikia kanisani kama watu wengine."

"Baba! Tangu lini mpiga kengele akasikia kitu kanisani?"

Reuben alikiokota kitambaa, akakikunja. Masikini wa Mungu, hakuwa amelifikiria hilo. Miaka thelathini alikuwa amewapikia chai wapiga kengele wakati wa ibada, na bado hakuwa amelifikiria.

"Nilikuwa naogopa," alisema hatimaye. "Ukiolewa na yule ungekwenda kule ghalani, na mama yake asingekuruhusu hata kupita mbele ya mlango huu. Akioa mwingine, nilijua utalia. Lakini ungelia hapa nyumbani. Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilifurahi."

Angemdanganya ingekuwa nafuu. Hester alimtazama mzee wake, akaiona ile aproni yenye madoa, akaigusa kadi ya kijani mfukoni. Kwa ajili ya Clement alikuwa ameapa kwamba kazi ya baba yake ni haramu. Aibu ilimpanda usoni hadi kwenye masikio.

"Unakwenda wapi?" baba yake aliuliza. "Hujala."

"Nina mtu wa kuonana naye saa tisa."

"Hatakuja, Hetty. Hatathubutu."

"Atakuja," alisema Hester. "Hajui kwamba nimebaki kanisani. Na pigo amelisikia."

*

Magofu ya watawa yako nyuma ya shamba la Orrin, mwendo wa dakika kumi kutoka sokoni. Zimebaki kuta mbili, tao moja la dirisha lisilo na kioo, na kondoo. Hester alikaa kwenye lile jiwe lao, akangoja. Saa tisa na dakika tano Clement aliruka ua, kofia mkononi, amevaa suti yake ya Jumapili, mrefu, mzuri, mwenye yale macho ya kijivu ambayo Hester angeyatambua kati ya macho elfu. Alikuja akitabasamu. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, alikuja akitabasamu.

"Mpenzi wangu," alisema, akambusu shavuni. "Leo umelipiga kwa nguvu. Mama karibu aangushe birika."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na za mjini?"

"Hakuna jipya." Alikaa karibu yake, akachungulia kikapu. "Hukuleta mkate wa tangawizi leo?"

"Hakuna jipya kabisa, Clement? Fikiri vizuri."

"Ngano imepanda bei kidogo. Kwani vipi?"

Hester alisimama, akamkabili. Akakunja mikono mbele kama Kasisi Pelham, akaanza, kwa sauti ile ile ya puani: "Natangaza ndoa kati ya Clement Arthur Thurlby, kijana ambaye hajaoa, wa parokia hii..."

Rangi ilimtoka Clement usoni.

"...na Muriel Cope, msichana ambaye hajaolewa, wa parokia hii. Niendelee? Nimeikariri yote. Wewe umepewa mara tatu, mimi nimeipata mara moja, lakini imeniingia."

"Hester..."

"Jumapili ya kwanza ulikaa hapo hapo ulipokaa. Ukala mkate wangu wa tangawizi vipande viwili, ukasema hujawahi kula mtamu kama huo. Jumapili iliyopita ulilaza kichwa chako mapajani mwangu ukaniuliza kama ninapenda mapazia ya buluu. Mapazia ya nani, Clement? Ya Muriel?"

"Nilitaka kukuambia. Haki ya Mungu nilitaka. Kila nikija nasema leo, leo leo. Halafu nakuona, nashindwa."

"Umeshindwa kusema, lakini kula hukushindwa."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Hujui hali ya nyumbani. Baba hajiwezi tangu kiharusi. Mama ndiye anayeshika funguo. Alisema nikikuoa, yeye na wewe hamtalala chini ya paa moja, na paa ni lake. Na kina Cope wana kinu, sisi tuna ghala. Ilionekana... ilionekana jambo la busara."

"Unampenda?"

"Ni msichana mzuri. Mtulivu."

"Sikukuuliza hilo. Kondoo naye mtulivu."

"Unajua ninampenda nani!" Clement alisema kwa ukali, na sauti ikamkatika. "Unajua, Hester. Usinifanye niseme."

Sasa basi, hilo nalo lilimuuma. Angekuwa hampendi, angemlaani akaenda zake. Lakini alikuwa anampenda. Alimwona anatokwa na machozi, akaona kwamba ni ya kweli. Na mwanamume yule, mwenye machozi ya kweli na mapenzi ya kweli, angeamka Jumamosi ya harusi, anyoe ndevu, avae soksi zilizopigwa pasi na mama yake, akamwoe Muriel Cope.

Alitoa kadi mfukoni, akampa. Clement aliisoma mara mbili.

"Umesaini," alisema polepole. "Hester, umesaini. Lini?"

"Siku tisa zilizopita. Nilikuwa nimekuletea zawadi."

"Mungu wangu. Laiti ungeileta mapema!"

"Mapema lini?"

"Mwaka jana. Hata wakati wa Krismasi. Ningemwonyesha mama, angekosa la kusema..."

"Aa-aa. Ngoja." Hester aliinua kidole. "Usinibebeshe mzigo huo. Mimi nimemkana baba yangu kwa wino, kwa mkono wangu huu, ili niingie kwenu. Wewe umefanya nini? Mara moja tu katika miaka mitatu, ulimwambia mama yako nini?"

Kondoo mmoja alipita katikati yao, akang'oa majani, akaendelea na safari yake.

"Ulimwambia nini, Clement?"

"Nilimwambia... tungoje."

"Tungoje." Alitikisa kichwa. "Mimi nilidhani naposwa na mtu, kumbe naposwa na kungoja."

Alitaka kulia, akajizuia. Kilio angekilia peke yake. Alichukua kikapu chake. Ndipo Clement aliposema jambo ambalo Hester hakulitegemea hata kidogo.

"Kuna jambo moja," alisema, akiikunja kofia. "Najua si wakati wake. Ni kuhusu Jumamosi. Mama ameshaagiza kengele, zote sita. Na sasa Mzee Orrin hayupo, na mwashi ndiye aliyechukua kamba yake. Mmebaki sita kamili. Wewe usipokuja..."

"Nisipokuja?"

"Kengele hazitatimia. Watu watauliza ya tatu iko wapi. Na watajua kwa nini."

Hester alimtazama toka utosini hadi unyayoni, kama mtu anayetafuta alipoangusha kitu. Alimtafuta yule kijana aliyemvusha mto mgongoni siku ya mafuriko. Hakumwona.

"Unaniomba nikupigie kengele za harusi yako," alisema.

"Nakuomba usiniaibishe."

"Wewe hukuaibika Jumapili mbili hizi, utaaibika kwa kengele?"

"Hester, tafadhali."

Kule mjini saa ya mnara iligonga tisa na nusu.

"Nitakuja," alisema. "Si kwa ajili yako. Kengele ile ina miaka mia tatu, haijawahi kukosa harusi, na mimi sitaifunza kukosa."

Clement alishusha pumzi. Alimshika mkono, na Hester, kwa mazoea tu ya mkono, hakuurudisha haraka.

"Basi nifanyie na hili," alinong'ona. "Mtakapomaliza. Zikisimama zote. Lipige lile pigo letu. Mara moja tu, ya mwisho. Nitakuwa langoni, nitasikia. Nijue kwamba umenisamehe. Nitaweza kuishi, Hester, nikilisikia lile."

Aliutoa mkono wake.

"Na hiyo kadi?" Clement aliuliza, akimnyooshea.

"Kaa nayo. Mpelekee mama yako, mwambie binti wa baa alikuja hadi mlangoni kwake, akakuta mwanawe ndiye aliyesimama katikati."

Alipanda ua bila kusaidiwa. Alifika nyuma ya ghala la mwoka mikate, mahali ambapo hakuna dirisha linaloangalia, ndipo akakaa chini kwenye majani na kulia hadi pumzi zikamkwama.

*

Jumamosi ilikuja na jua zuri la kukera. Wiki nzima watu walikuwa wamefurika Kengele Sita kuliko kawaida, wakiagiza nusu glasi na kumtazama Hester kwa pembe za macho. Alikuwa amewahudumia wote, akawauliza habari za nguruwe wao. Baba yake hakuthubutu kumwambia asiende mnarani. Alimpigia pasi blauzi tu, akaiunguza kidogo kwenye kola, akasema samahani mara nne.

Juu mnarani wapigaji walikuta kikapu kutoka kwa Bibi Thurlby. Desturi ya harusi ni pipa dogo la bia. Mzee Tigwell aliinua kitambaa, akakuta chupa ya chai na mikate mitamu sita.

"Chai!" alisema. "Tunamwoza mtoto wake kwa nguvu za mabega yetu, anatuletea chai! Kama tuna homa!"

Wenzake walicheka, kisha wakamkumbuka Hester, wakanyamaza wote kwa pamoja. Yeye alikuwa ameshaishika kamba yake. Ilikuwa imening'inia karibu na kidirisha chembamba kinachoangalia uwanja wa makaburi hadi langoni.

"Uko sawa, binti?" Tigwell aliuliza, na sauti yake ilikuwa laini hata yeye mwenyewe akaishangaa.

"Niko sawa, Mzee. Tupige."

Milango ya kanisa ilifunguliwa, na kengele zikaanza. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Zikabadilishana zamu, zikakimbizana, zikarudi. Hester alipiga vizuri. Mikono iliijua kazi yake, na mtu akiwa na kamba mkononi hawezi kuwaza sana. Kupitia kidirisha aliwaona wakitoka: Muriel Cope na shela yake fupi, mwembamba, akicheka kwa woga. Hakuwa na kosa lolote, maskini, na huenda hakuwa anajua lolote. Bibi Thurlby alikuwa na kofia yenye manyoya kama jogoo wa mashindano. Na Clement.

Clement hakuwa akimtazama mke wake. Watu walimrushia mchele, naye alikuwa akitazama juu.

"Angalieni," Tigwell aliita. "Zinarudi nyumbani. Moja hadi sita kwa mpangilio sasa... simama!"

Moja ikalia, ikasimama. Mbili. Ya tatu ililia, na Hester akaisikia ikipanda juu mikononi mwake, nzito, hai, ikisimama mdomo juu, pale penye ncha ambapo kidole kimoja kingetosha kuirudisha ilie tena. Nne. Tano. Sita.

Kimya.

Chini langoni mlango wa gari ulikuwa umefunguliwa. Muriel alikuwa ameshaingia, ameshakunja gauni lake. Clement alikuwa amesimama, mguu mmoja garini, mkono juu ya mlango, uso umeelekea mnarani. Alikuwa akisubiri. Hester aliuona mdomo wa Muriel ukiuliza kitu. Aliiona midomo ya Clement haijibu.

Hakuna mtu mwingine Askerwick aliyejua kwamba kuna kitu kinasubiriwa. Wote walidhani kengele zimekwisha. Mikono yenyewe ilitaka, kwa mazoea ya miaka mitatu. Hester aliuma meno, akaishikilia.

Aliishikilia mpaka Bibi Thurlby alipomgusa mwanawe kiwiko. Mpaka Clement alipoteremsha kichwa, akaingia garini. Mpaka gari lilipokata kona ya soko, likapita mbele ya Kengele Sita, likapotea.

Ndipo alipoifunga kamba, akageuka. Mzee Tigwell alikuwa amesimama nyuma yake, amevua kofia, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Lo! hakuwa amejua, na hajui hata leo.

"Mmesikia?" aliwauliza wenzake. "Mmesikia hiyo? Ya tatu imesimama mahali pake kama askari! Miaka mitatu nakufundisha, Hester, miaka mitatu nakugombeza, na leo, hatimaye, mwanangu, umejua kumaliza!"

Akampa mkono mbele ya wote. Hester aliupokea.

"Asante, Mzee," alisema.